Barua ya wazi kwa walimu wanaoanza kazi: kuhusu mtoto anayesemwa kuwa "kazaliwa hivyo"

Wanangu walimu,

Ninawaandikia ninyi mnaokabidhiwa madarasa yenu ya kwanza, kwa kuwa kabla muhula haujaisha mtaisikia katika chumba cha walimu kauli ambayo husemwa kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala: "Huyu kazaliwa hivyo, hata baba yake alikuwa hivyo hivyo." Siku nyingine mtaisikia ya pili, kwamba mzazi fulani amemharibu mwanawe kwa malezi mabovu na hakuna zaidi la kueleza. Wahenga nao walituachia mtoto wa nyoka ni nyoka, kisha wakatuachia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na watu huchota ile inayowafaa kwa siku hiyo. Nilisomesha baiolojia mpaka nikastaafu, na ninalotaka kuwaambia ni kwamba kwa mtoto mmoja aliyekaa mbele yenu, swali la kuchagua kati ya urithi na malezi limekaa vibaya tangu mwanzo.

Tazameni ugonjwa uitwao fenilketonuria, ambao daktari Asbjørn Følling wa Norwei aliutambua mwaka 1934. Mtoto huupata akirithi nakala mbili zenye hitilafu za jeni moja, yaani maagizo ya urithi yaliyomo mwilini, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba, na kwa sababu hiyo mwili wake hushindwa kuvunjavunja fenilalanini, kiambato kilichomo katika karibu kila chakula chenye protini. Fenilalanini hiyo hurundikana katika damu na kuudhuru ubongo unaokua, hata mtoto akabaki na ulemavu mzito wa akili. Mtu angesema, na kwa haki kabisa, kwamba huu ni ugonjwa wa kurithi mtupu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie alibuni kipimo kinachohitaji matone machache tu ya damu kutoka kisiginoni, na mtoto anayegunduliwa katika siku zake za kwanza, akaanzishiwa mapema chakula chenye fenilalanini kidogo sana, hukua na akili timamu, akasoma na akafanya kazi kama wenzake. Jeni zake ni zile zile, hakuna aliyezigusa. Sasa ulemavu ule wa zamani ulisababishwa na jeni au na chakula? Ukiondoa kimojawapo, hautokei, na kwa hiyo hakuna namna ya kugawanya lawama kwa asilimia, nusu huku na nusu kule.

Nataja asilimia kwa makusudi, maana ndizo zinazopotosha watu wengi waliosoma. Mtakutana na maandishi yanayosema kwamba katika nchi tajiri karibu asilimia 80 ya tofauti za kimo kati ya watu hutokana na tofauti za jeni zao, na makadirio hayo ni sahihi. Msomaji mwenye haraka huelewa kwamba sehemu hiyo ya kimo cha kila mtu imekwisha kupangwa tumboni, na kwamba lishe haiwezi kufanya kitu kikubwa. Basi na atueleze Korea Kusini, ambako wanawake waliozaliwa mwaka 1996 wamewazidi kimo wale waliozaliwa mwaka 1896 kwa takriban sentimita 20. Jeni za taifa zima hazigeuki kiasi hicho ndani ya karne moja; vilivyogeuka ni lishe, usafi wa maji na wingi wa maradhi ya utotoni. Asilimia ile inazungumzia tofauti zilizomo ndani ya kundi fulani, katika mazingira fulani, wakati fulani. Kadiri mazingira ya watu yanavyofanana, ndivyo tofauti zinazosalia zinavyoonekana kutoka kwenye jeni, na asilimia hupanda bila jeni hata moja kuongezeka nguvu. Mkiletewa hesabu ya namna hiyo kuhusu akili za wanafunzi wenu, isomeni kwa tahadhari hiyo hiyo.

Lipo pia suala la wakati, kwa sababu mazingira yale yale hayana uzito ule ule katika kila umri. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, sehemu ya Uholanzi iliyokuwa bado chini ya majeshi ya Ujerumani ilipatwa na njaa kali. Watafiti waliofuatilia watu waliotungwa mimba katika miezi ile walichapisha mwaka 2008 kwamba, baada ya miaka sitini hivi, watu hao walikuwa na alama chache za kikemikali juu ya jeni iitwayo IGF2, ambayo huhusika na ukuaji, kuliko ndugu zao wa jinsia ile ile ambao hawakutungwa mimba wakati wa njaa. Herufi za jeni zilikuwa hazijabadilika. Kilichotofautiana ni zile alama ambazo kazi yake ni kusaidia kuamua jeni isomwe kwa kiasi gani. Na huko Bucharest, kuanzia mwaka 2000, kati ya watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya yatima, nusu walipelekwa kwa kura kwenye familia za malezi, na waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili hivi ndio waliopata nafuu kubwa zaidi katika mengi. Hata hivyo siwaungi mkono wanaohubiri kwamba miaka ya mwanzo ikishapita basi mlango umefungwa. Ubongo wa mtu mzima anayejifunza kusoma ukubwani nao hubadilika.

Ninalotaka mlifikirie zaidi, kwa sababu linawahusu ninyi moja kwa moja, ni kwamba mtoto naye hujitengenezea mazingira yake. Mwenye hulka ya uchangamfu, ambayo kwa sehemu ameirithi, hunyoosha mkono, huulizwa maswali, husifiwa, na kufikia mwisho wa mwaka amezungumza na mwalimu mara nyingi kuliko jirani yake aliyezaliwa mwoga. Tofauti ndogo ya kurithi hupitia mikononi mwetu na kutoka ikiwa kubwa, kisha tunaitazama tunasema ni damu. Hapo mazingira si kitu cha mbali. Ni ninyi wenyewe, na namna mnavyogawa macho na subira yenu darasani.

Madhara ya kuhukumu kwa damu yaliwahi kuandikwa katika sheria. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi msichana aitwaye Carrie Buck, kwa hoja kwamba mama yake, yeye mwenyewe na binti yake walikuwa na upungufu wa akili. Binti huyo, Vivian, alihukumiwa akiwa bado mtoto mchanga. Alipofika umri wa kwenda shule, jina lake liliingia katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri, kisha akafariki kwa maradhi akiwa na umri wa miaka minane.

Mtoto anapowashinda, anzeni na yale yanayoweza kuchunguzwa. Aangaliwe macho na masikio. Ulizeni analala saa ngapi, anakula nini kabla ya masomo, na nyumbani kumetokea nini. Mkiambiwa kwamba katika ukoo wake wapo wengi waliotaabika kujifunza kusoma, msiipuuze habari hiyo, kwa kuwa disleksia, yaani ugumu huo wa kujifunza kusoma, kweli hufuata ukoo. Lakini itumieni kama sababu ya kumwanzishia mapema mafunzo ya sauti na herufi, kwa utaratibu na kwa marudio mengi, badala ya kungoja aanguke mitihani. Na katika ripoti yake andikeni jambo aliloshindwa, tarehe, na njia mlizokwisha kujaribu, ili mwalimu atakayempokea mwaka unaofuata aanzie hapo mlipoishia.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa baiolojia