Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, pamoja na Maelezo Kuhusu Feni ya Kupimia

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka unaoisha. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Mafunzo ya vitendo yalifanyika mara 4: kutandika sufi ya madini (nyuzi laini za kuzuia joto) juu ya dari, kuziba mianya, kufunga feni za kutolea hewa, na kusoma kipima unyevu. Nyumba 23 zilikaguliwa. Ghala la vifaa lilifunguliwa kila Jumamosi, isipokuwa zile ambazo mwenye zamu hakutokea. Kamati ilikutana mara 9. Hesabu atazisoma mhazini mwenyewe.

Sasa suala la feni ya kupimia uvujaji wa hewa.

Wapo waliosema, na wengine wakaandika, kwamba mwenyekiti "amenunua upepo". Nalijibu hapa kwa kirefu kwa sababu mkutano wa dharura niliouitisha ili kulieleza ulihudhuriwa na watu 17 kati ya 94, akidi haikutimia, tukarudi makwetu. Mkutano mkuu uliopita ulitenga fungu la kununua vihami vya joto kwa jumla. Kamati, kwa pendekezo langu, ilitumia karibu theluthi mbili ya fungu hilo kununua feni ya kupimia uvujaji wa hewa, fremu yake ya mlangoni na kipima shinikizo. Kisha ikaweka kanuni: hakuna atakayechukua sufi au povu ghalani kabla nyumba yake haijapimwa, na kabla hajaonyesha hewa iliyochakaa itatokea wapi. Katiba inairuhusu kamati kubadili matumizi ndani ya fungu lilelile. Aliye na shaka aisome.

Sababu yenyewe ni hii. Sufi haizuii joto kwa uzito wake; kinachozuia ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Hewa tulivu hupitisha wati 0.025 kwa mita kwa kila digrii ya tofauti, na sufi nzuri ya madini huwa kati ya 0.032 na 0.044. Hewa ikianza kutembea ndani yake, kihami kimegeuka chujio. Wengi mmeliona hili bila kulitambua. Funua sufi ya zamani juu ya dari: hapa ni ya njano safi, pale ni nyeusi tii, hasa waya unapotoboa dari na kandokando ya bomba la maji taka. Watu hudhani ni ukungu. Mara nyingi ni vumbi na masizi ya ndani ya nyumba, yaliyonaswa na hewa inayopanda hapo miaka nenda miaka rudi. Kutandika milimita 100 nyingine juu ya doa hilo hakuzibi tundu, kunalificha. Na tumekuwa tukigawa sufi ya kufichia matundu tangu chama kianze.

Feni inafungwa kwenye mlango wa nje kwa fremu na turubai. Inatoa hewa mpaka tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50, na kipimo kinaonyesha mita za ujazo ngapi zinapita kwa saa. Gawanya kwa ujazo wa nyumba. Chukua nyumba ya mita za ujazo 300 ambayo feni inasoma 3,000: hewa yote inabadilika mara 10 kwa saa. Feni ikizimwa, kisio la haraka ni kugawa kwa 20, yaani nusu ya hewa ya nyumba kila saa, ingawa upepo na tofauti ya joto hulipandisha na kulishusha. Kwa kulinganisha tu, kiwango cha Passivhaus (cha Kijerumani, cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana) kwa nyumba mpya ni mara 0.6 kwa saa kwa paskali 50, na kile cha EnerPHit kwa nyumba za zamani zinazokarabatiwa ni 1.0. Hatujafika huko, wala sikuahidi kuwa tutafika.

Si namba tu tulizonunua. Feni ikiwa inazunguka, ukipitisha kalamu ya moshi (kifaa kidogo kinachotoa moshi mwembamba) au hata kiganja chenye maji kando ya mfuniko wa dari, soketi za umeme, ubao wa chini ya ukuta na nyuma ya kabati la jikoni, tundu linajisema lenyewe. Njia hii si uzushi wa mwenyekiti. Sweden walipima kwa feni ya dirishani miaka ya 1970, na watafiti wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, walioihamishia mlangoni miaka hiyohiyo walikuta nyumba zenye sufi ya kutosha zikipoteza joto jingi kupitia darini kuliko hesabu zilivyoonyesha. Hewa ilikuwa inapanda ndani ya kuta na kando ya mabomba, ikiipita sufi pembeni.

Hapo ndipo ugomvi na wanachama wanaotaka madirisha yazibwe kwanza ulipoanzia. Palipo na baridi, hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na ya baridi huingilia chini, kwa hiyo matundu ya darini na sakafuni ndiyo yenye nguvu kuliko yote. Ya katikati ya ukuta, ambako madirisha mengi yapo, hayana msukumo mkubwa upepo usipovuma. Lakini ombi la kwanza la kila mwanachama ni mpira wa kuzibia dirisha. Utaratibu wa ghala sasa ni dari kwanza, sakafu na mabomba ya chini pili, madirisha mwisho, na hauna mjadala.

Kuhusu vifaa vya kuzibia, mwanya usiozidi milimita 6 unazibwa kwa silikoni au akriliki. Mkubwa zaidi ni wa povu, na povu la kopo hukauka kwa unyevu, kwa hiyo nyunyiza maji kidogo kwanza la sivyo litabaki laini katikati. Kuzunguka fremu za madirisha tumia lile lisilovimba sana, kwani la kawaida hupinda fremu na dirisha likagoma kufunga. Tundu la upana wa kiganja linakatiwa kipande cha bodi, kisha kingo ndizo zinazibwa. Karibu na dohani povu ni marufuku: hapo ni bati na gundi ya kustahimili moto. Nyaya za PVC zisiachwe zikigusa povu gumu la polistireni, maana plastiki ya waya hupoteza ulaini wake na kukakamaa. Waya uliozikwa kwenye kihami hupata joto zaidi na uwezo wake wa kubeba umeme unapungua, kwa hiyo fundi umeme aitwe kabla sufi haijatandikwa. Na tafadhali, mapito ya hewa pembezoni mwa paa yaachwe wazi. Sufi ikisukumwa hadi ukingoni, mbao za paa zinaanza kulowa.

Lawama ya pili ni kwamba kamati inalazimisha watu kuweka feni za kutolea hewa wakati "nyumba inapumua yenyewe". Kuta hazipumui kwa maana hiyo. Matundu huingiza hewa wakati upepo unavuma au nje kuna baridi kali, na hulala siku iliyotulia, wakati ndipo mnapoihitaji hewa zaidi. Tena hewa hiyo inapitia chini ya sakafu, gerejini na kwenye vumbi la darini. Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Ujerumani, alishapendekeza mwaka 1858 kwamba kabonidayoksaidi ndani ya chumba isizidi asilimia 0.1, akiitumia kama alama ya hewa iliyochakaa. Kipimo hicho bado tunakitumia, tukikiandika sehemu 1,000 kwa milioni.

Kisha kuna maji. Kaya ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani, hutoa mvuke wa lita 10 hivi kwa siku. Hewa ya digrii 20 yenye unyevu wa asilimia 50 hutoa umande kwenye kitu cha digrii 9.3. Ila ukungu hausubiri umande. Unatosheka na unyevu wa asilimia 80 pale ukutani, na hewa hiyohiyo inafika 80 ikigusa uso wa digrii 12.6. Kona nyuma ya kabati, palipo baridi, hufika hapo bila tone kuonekana. Ukiziba nyumba bila kuutoa mvuke, unyevu wa ndani unapanda na kona nyingi zaidi zinaingia hatarini. Penye joto na kiyoyozi mambo yanageuka: mvuke unatoka nje kuingia ndani, na plastiki iliyobandikwa upande wa ndani inaunasa katikati ya ukuta.

Sababu ya tatu ya kutoa hewa ni uhai. Hita ya maji au jiko lenye dohani wazi likiwa ndani ya nyumba iliyozibwa, feni ya jikoni inaweza kurudisha moshi chumbani pamoja na kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Kwa hiyo kila baada ya kuziba tunafunga madirisha, tunawasha feni zote kwa pamoja, tunawasha hita kwa dakika 5, na kushika kalamu ya moshi mdomoni mwa dohani. Moshi ukirudi chumbani, hita inazimwa mpaka itafutiwe njia yake ya hewa. Mwanachama aliyeita hatua hii "urasimu" nimemjibu kwa barua.

Kuhusu feni zenyewe za kutolea hewa: bafuni lita 15 kwa sekunde, jikoni 30 ikiwa juu ya jiko na 60 ikiwa mbali nalo. Namba iliyo kwenye boksi hupimwa bila bomba. Katika ukaguzi, kosa lililojirudia ni bomba laini la kukunjika, refu kupita kiasi, lililolala darini kama utumbo, na pale linapobonyea maji yamekusanyika na kuziba njia. Tumieni bomba gumu la milimita 100 au 125, fupi, lenye mteremko kuelekea nje, na livikwe kihami linapopita darini. Lazima litoke nje kabisa. Kulimwagia dari mvuke wa bafuni ni kuozesha paa. Karatasi ya chooni kunasa kwenye feni kunathibitisha kwamba inavuta, hakusemi inavuta kiasi gani. Chini ya milango ya ndani acheni milimita 10, la sivyo feni inavuta chumba kilichofungwa na haipati kitu.

Makosa yalikuwepo, sikatai. Vipimo vya mwanzo vilisoma juu kwa sababu mitego ya maji ya sinki zisizotumika (mikunjo ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia hewa) ilikuwa imekauka. Sasa inajazwa kwanza. Na kuna nyumba ambayo jivu halikuondolewa mekoni kabla ya feni kuwashwa, likamwagika sebule nzima. Orodha ya maandalizi alikuwa amepewa mwenye nyumba siku 3 kabla. Kamati ilisafisha hata hivyo.

Ada. Wanachama 61 kati ya 94 hawajalipa, na 14 kati yao wanadaiwa mwaka wa pili. Baadhi ni haohao wanaohoji matumizi ya fungu. Foleni ya kupimiwa nyumba itafuata daftari la ada, jambo ambalo nalisema mapema ili lisije likaitwa kisasi. Mahudhurio ya mafunzo ya kufunga feni yalikuwa watu 8, yale ya kugawa sufi 52.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kupima nyumba nyingi zaidi, Mungu akipenda, na kuangalia uwezekano wa mitambo ya kubadilishana joto, ile inayoingiza hewa mpya ikiwa imepashwa na ile inayotoka. Mitambo hiyo haina faida ya maana kwenye nyumba inayovuja mara 10, kwa hiyo uzibaji utangulie. Tungependa pia kupata ghala lisilovuja.

Mwisho, mpira mwembamba wa kijani wa kipima shinikizo, ule unaopelekwa nje ya mlango, haujarudi tangu ukaguzi wa mwisho. Bila mpira huo feni inazunguka tu na haipimi chochote. Aliye nao aurudishe ghalani Jumamosi, hataulizwa.

Mwenyekiti