Tusiutafute ubaguzi kwenye chuki za mtu peke yake

Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika kwenye ukurasa huu kwamba habari za ukuu wa Wazungu, yaani imani kwamba Wazungu ni bora kuliko wengine, tuwaachie Wamarekani na Waafrika Kusini, kwa kuwa hapa hatujapata kuwa na Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wa Marekani lililowashambulia watu weusi. Ni kweli, hao hatukuwa nao. Hatukuhitaji kuwa nao.

Ashuke daladala Mnazi Mmoja, hapa Dar es Salaam, aangalie huku na huku. Uwanja ule Waingereza waliuacha wazi makusudi, utenganishe Uhindini na Kariakoo, na sababu waliyoitoa ilikuwa afya. Miaka ya 1920 mji wote uligawanywa kanda tatu, tena kanuni zilizungumzia aina ya nyumba tu: kanda ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili makazi na biashara, ya tatu nyumba za Kiafrika. Nani angejenga wapi, mfuko ulijibu. Afisa aliyegonga muhuri huenda alikuwa mtu mpole kabisa, mwenye kusalimia kila mtu. Haikubadili kitu.

Na mfuko wenyewe ulibanwa kwa sheria. Mwaka 1931 ilitoka sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, eti kuwakinga na madeni. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuweza kudai fedha zake mahakamani. Sasa ni mwenye duka gani la jumla angekupa mzigo kwa mali kauli? Duka lako likabaki genge. Miaka hiyohiyo, huko Marekani, mitaa ya watu weusi ilikuwa ikipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo ya nyumba, alama ya kwamba huko si pa kukopesha. Chuki huisha mwenye nayo akifa. Kiwanja na mtaji hurithiwa.

Shule nazo zilitengwa kwa rangi, hilo wazee wetu wanalikumbuka. Hata kura: uchaguzi wa 1958 na 1959 ulimlazimu mpiga kura achague Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja, wakati Waafrika tulikuwa zaidi ya asilimia 98 ya watu nchini. Hesabu hiyo iliitwa usawa!

Ombi langu ni kwa walimu wa historia. Mkiwapeleka watoto Mnazi Mmoja kuona mnara wa Mwenge, wavusheni Mtaa wa Lumumba waingie Kariakoo. Siku nyingine wapelekeni Oysterbay, walikokaa Wazungu enzi hizo, wapime kwa hatua upana wa viwanja vya huko na vya Kariakoo, kisha waulizwe nani alivipima hivyo.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam