Brashi kabla ya maji

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wafugaji wenzangu wa Malindi jambo moja. Jioni ufuoni hukosi kuona mbwa akitolewa baharini, akipakwa sabuni ya unga palepale mchangani, kisha akichanuliwa huku akilia. Kazi hiyo imeanzwa mkiani. Mbwa huchanuliwa akiwa mkavu; maji huja baadaye.

Mbwa wa manyoya mengi, kama jamani shepadi, ana tabaka mbili: nywele ngumu za juu, na chini yake manyoya laini kama sufi. Haya ya chini yaking'oka mengi hayaanguki, hunasa humohumo. Yakilowa kisha yakauke na chumvi na mchanga wake, hujikaza yakawa fundo gumu kama kumbi. Chini ya fundo ngozi haipati hewa, na kwa fukuto letu unyevu haukauki. Siku mbili tatu baadaye ngozi imechubuka, inatoa maji yenye harufu, na mwenyewe anadhani ni upele.

Msimamishe kivulini, mahali pasipoteleza, upepo ukielekea mbali na kwa jirani. Manyoya ya mbwa yakipeperuka hadi kwenye mkeka wa mtu wa kuswalia, umejitafutia ugomvi bure. Brashi ya waya ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono wako. Ikikuchora mistari, unakandamiza mno. Kisha inua manyoya kwa mkono mmoja mpaka uuone mstari wa ngozi, uchanue kidogo kidogo chini ya mkono huo, kufuata yanakolala, ukipanda mstari kwa mstari. Anayepitisha brashi juujuu hupata mbwa anayeng'aa nje na mafundo ndani. Malizia kwa chanuo la chuma: likikwama, hapo hapajaisha.

Mafundo hupenda nyuma ya masikio, makwapani, kinenani, chini ya ukanda wa shingo na kwenye shina la mkia. Tia mafuta ya nazi kidogo, libane fundo karibu na ngozi ili asiumie unapovuta, ulifumue kwa vidole kuanzia nchani. Mkasi usiupitishe chini yake. Ngozi huwa imevutiwa ndani ya fundo, na ndiyo itakayokatwa.

Hapohapo tafuta kupe, hasa masikioni na kati ya vidole. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumsokota, umtumbukize katika spiriti. Mafuta ya taa acheni! Yanaunguza ngozi, na mbwa huyalamba. Wenye paka, nao ni wengi hapa, wasome kibandiko cha dawa ya kupe kabla ya kununua: ikiwa imeandikwa permethrin, mbwa huistahimili lakini inaweza kumuua paka, hata kwa kulala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa siku hiyo.

Siku ya bahari basi, mchanue kabla ya kutoka nyumbani, na mkirudi msuuze mara moja kwa maji matamu. Kisima chenye chumvi hakisaidii. Kuogeshwa kwa shampuu ya mbwa mara moja kwa mwezi kunamtosha. Sabuni ya unga humaliza mafuta ya ngozi, akaanza kujikuna usiku kucha. Mkaushe kwa kukandamiza taulo, si kumsugua, kwani kusugua ndiko kunakofunga mafundo mapya.

Kuna na wanaomnyoa kipara ati asisikie joto. Mbwa hupunguza joto kwa kuhema, na manyoya ya juu humkinga na jua. Mchanue vizuri mara mbili au tatu kwa wiki, ule usufi wa chini utoke, upepo umfikie. Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi, dakika tano za brashi ya mpira kila wiki zinamtosha.

Kucha zikate milimita 2 kwa mara moja. Kwenye kucha nyeusi, ukiona kidoa cheusi katikati ya mkato, simama: mshipa uko karibu. Ikitoka damu, bonyezea unga wa mahindi kwa dakika chache. Na msisahau ile kucha ya ubavuni mwa mguu wa mbele. Haigusi chini, haisagiki, na ikiachwa hujipinda mpaka ikatoboa nyama.

Mfugaji,
Malindi