Barua kutoka Jinan: Mlima Taishan

Jinan, China
19 Oktoba

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Uliniuliza Wachina wanajivunia mlima gani kama sisi tunavyojivunia Kilimanjaro. Wanayo kadhaa, lakini mkubwa wa heshima ni Taishan, upo mkoa huuhuu wa Shandong, na nimeshaupanda.

Kwa urefu hautishi, mita 1,545 tu. Ila kutoka mji wa Tai'an mpaka kileleni unapanda ngazi za mawe, zaidi ya 6,000, na majabali ya kandokando yamejaa maandishi ya wafalme, washairi na watawa. Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China nzima, alikuja kuitolea mbingu sadaka hapa mwaka 219 kabla ya Kristo, na wafalme wengine wakamfuata. Mfalme Xuanzong aliacha maneno yake mwaka 726 karibu na kilele, kwenye ukuta wa mwamba unaopita mita 13, na hadi leo herufi zake zinang'aa dhahabu.

Lakini mimi nilikokwama ni bondeni Jingshiyu, pembeni mwa njia, ambako wengi hawaendi kwa haraka ya kufika juu. Pana mwamba mpana uliolala, na juu yake watu wa karne ya 6 walichonga kitabu kitakatifu cha Kibudha, kila herufi karibu nusu mita. Maji na miaka vimekula nyingi. Zimebaki kama elfu moja. Nilisimama ukingoni nikiifuata herufi moja kwa macho, mkunjo kwa mkunjo, mpaka wenzangu wakaja kuniita.

Ngazi za mwisho, Shibapan, zinapita 1,600 na zimesimama kwelikweli. Hapo nilipishana na wachukuzi, mzegazega begani, maji ya chupa upande huu, mboga upande ule. Wanapanda kwa kukatisha ngazi mshazari, kimya, pumzi zao tu unazisikia. Watu husifu wafalme. Mimi nasema sifa za Taishan ni za mabega hayo na ya waliowatangulia.

Juu kuna hekalu la Bixia Yuanjun, mungu wa kike ambaye wanawake humwendea kuomba watoto. Jengo lake kuu limeezekwa vigae vya shaba, kwa kuwa upepo wa kule una nguvu sana. Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti na udi mkononi, midomo ikimcheza. Imani yake si yangu, lakini nilisimama pembeni kwa adabu mpaka akamaliza.

Ukija, njoo Aprili. Tutapanda usiku na tochi tuwahi jua likichomoza. Baridi isikutie hofu, kileleni wanakodisha makoti mazito. Viatu tu ndio ulete vya maana.

Nisalimie mama na watoto wote.

Wako,
Mwanaidi