Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo na Mifugo, Kaunti ya Nakuru: Tupimieni udongo kabla mbuzi hawajazaa tena

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mfugaji wa mbuzi na kondoo hapa Mbaruk, upande unaoteremka kuelekea Ziwa Elementaita. Si wengi, pamoja na wachanga hawafiki hamsini. Karo ya watoto wangu hutoka kwenye zizi hilo.

Msimu uliopita mbuzi wangu mmoja alizaa pacha, wote wazima. Wiki ya tano mmoja wao akaanza kuyumba kiuno. Ukimkimbiza kidogo, miguu ya mbele inakwenda vizuri, ya nyuma inapishana, kisha anakaa kitako kama mbwa. Siku chache baadaye kwato za nyuma zikawa zinajikunja, akawa anakanyagia upande wa juu wa mguu mpaka manyoya ya hapo yakaisha na ngozi ikachubuka. Lakini macho yalikuwa maangavu na njaa alikuwa nayo. Nilimbeba asubuhi na jioni nikamsimamisha chini ya mamake, nimemshika kiuno, naye akanyonya huku mkia ukitikisika kama wa mwenzake. Wiki tatu hivyo. Alipolemewa kabisa nikamchinja kwa mkono wangu, na sikuweza kula nyama ile.

Jirani mmoja alisema amekanyagwa na mamake. Mwingine akasema ni kupe. Dukani nikauziwa dawa ya minyoo, kisha sindano za antibiotiki, kisha vitamini. Nililipa zote. Kabla ya mwaka kuisha nikapoteza wengine wawili vilevile.

Daktari wa mifugo aliyekuja mwishowe hakumwangalia sana yule mgonjwa. Aliuliza mama zao wanalishwa wapi, wanalamba chumvi gani, akatoa damu ya majike. Jibu lilikuwa upungufu wa madini ya shaba mwilini.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Neva za uti wa mgongo zina utando wa mafuta juu yake, kama plastiki iliyovikwa waya wa umeme. Mwana anapoumbwa tumboni, utando huo hauwezi kujengwa sawasawa bila shaba, na shaba yote huipata kwa mamake. Ikikosekana, kuna wanaozaliwa wamepooza tayari, na kuna wanaozaliwa wakionekana wazima kisha wakalegea miguu ya nyuma baada ya wiki au miezi kadhaa. Neva iliyokwisha kuharibika kiasi hicho hairudi. Ndiyo maana sindano zangu zote zilikuwa kazi bure: nilikuwa namtibu mtoto ilhali aliyehitaji dawa ni mama, tena akiwa bado na mimba.

Si jambo geni, Mheshimiwa. Huko Australia Magharibi watafiti walilifungamanisha na shaba tangu 1937, na hapa Kenya ugonjwa unaofanana nao uliandikwa na madaktari wa mifugo katika miaka ya 1960. Na jina la mji wetu limo vitabuni kwa jambo la karibu sana na hili. Ng'ombe waliokuwa wakikonda na kufa huku nyasi zimejaa walikutwa wamepungukiwa kobalti, madini ambayo bila hayo vijidudu vya tumboni haviwezi kuwatengenezea vitamini B12. Ugonjwa huo ukapewa jina la Nakuruitis. Kaunti ambayo jina lake limepewa ugonjwa wa madini ingepaswa kuwa ya kwanza nchini kujua udongo wake una nini.

Shida ni kwamba shaba inaweza kuwemo kwenye nyasi na bado mbuzi asiipate. Madini mengine, molibdeni na salfa, yakizidi, huikamata shaba tumboni ikatoka na kinyesi. Na penye udongo wa magadi, mimea hufyonza molibdeni kwa wepesi zaidi. Sisi tunaoishi kando ya maziwa ya magadi tunapaswa kupimiwa, si kukisiwa.

Nasema kukisiwa kwa sababu nimeona hatari yake. Habari za shaba zilipoenea kijijini, kuna mtu alitia maji ya mifugo mrututu, ule wa buluu tunaooshea kwato, ambao una shaba ndani yake. Kondoo si kama mbuzi, wala si kama ng'ombe. Ini lake huiweka shaba kidogo kidogo bila dalili yoyote, kisha siku moja inamwagika kwenye damu: macho yanakuwa ya manjano, mkojo unageuka rangi ya damu, na mnyama anakufa. Hata chumvi ya kulamba iliyotengenezewa ng'ombe inaweza kumuua. Mifuko mingi ninayoiona huku husomeka tu kuwa ni ya mifugo, basi.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka ufugaji na huduma za daktari wa mifugo mikononi mwa kaunti. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, ina vituo Njoro na Lanet. Wataalamu hatuwakosi. Naomba utenge pesa katika bajeti ijayo, udongo, nyasi na damu ya mifugo vipimwe wadi kwa wadi, kuanzia huku Gilgil, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya chifu tuyasome. Naomba maafisa wa ugani wafundishwe kuuliza habari za mama wanapoona mwana anayumba. Na mfuko wa chumvi usiuzwe katika kaunti hii bila kuandikwa una shaba kiasi gani na ni wa mnyama yupi.

Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na wakati wa kumkinga mwana ni katikati yake. Majike wangu saba walipandwa mwezi uliopita. Nimewatenga kwenye zizi la chini, karibu na barabara, ili afisa akija kutoa damu asihangaike kuwakamata.

Wako mtiifu,
Mfugaji, Mbaruk