Usinunue kitu kwanza, Selemani

Ndugu yangu Selemani,

Salaam nyingi. Barua yako imenifikia, kwamba umeifungua kompyuta yako ya zamani uweke RAM mpya (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kadi mpya ya picha, na sasa haiwaki. Kabla ya yote nakusihi usinunue ubao mama mwingine, yaani ule ubao mkubwa wa ndani unaounganisha kila kitu. Kompyuta hiyo ilikuwa inafanya kazi mpaka dakika ulipoifungua. Basi tuanze na vile ulivyovigusa: RAM, kadi ya picha, na nyaya ulizozichomoa ili mkono upite.

Na usihofu kuhusu picha za marehemu mama. Zimo kwenye diski, na diski haihusiki hapa. Hata ubao ukifa kweli, tutaichomoa na kuisoma kwenye kompyuta nyingine.

Umeandika kwamba haiwaki, lakini chini zaidi unasema feni zinazunguka na taa ya mbele inawaka, ila skrini ni nyeusi. Hilo limenipa moyo. Ingekuwa kimya kabisa ningeshuku pawa saplai, lile sanduku la ndani linalogawa umeme, au ule waya mwembamba wa kitufe cha kuwashia. Yako umeme inapata. Inachoshindwa ni kumaliza kujikagua.

Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ndani. Sasa tazama karibu na prosesa, chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta. Kuna plagi ndogo ya mraba yenye pini 4, nyaya mbili za njano na mbili nyeusi. Hiyo ndiyo inayolisha prosesa, na husahaulika sana kwa sababu bila hiyo feni zinaweza kuzunguka vizuri tu huku skrini haionyeshi kitu. Isukume mpaka kilimi chake kishike.

Kama ilikuwa imekaa sawasawa, rudisha mashine ilivyokuwa zamani. Toa kadi ya picha, toa RAM mpya zote, chomoa na diski. Acha kipande kimoja cha RAM ya zamani, na waya wa skrini uuchomeke kwenye tundu la VGA la ubao wenyewe. Picha ikirudi, ongeza kitu kimoja, washa, zima, chomoa, ongeza kingine. Najua inachosha, lakini ukirudisha vyote kwa pamoja hutajua mkosaji ni nani.

Picha isiporudi, lipo jaribio moja ninaloliamini kuliko yote: toa RAM zote kabisa, kisha washa. Ubao wa umri huo kwa kawaida una spika ndogo ya kutoa milio, au pini za kuiunganishia. Ikilia kwa kurudia-rudia, maana yake prosesa ni nzima na ubao unalalamika kwamba hauoni RAM. Mlio huo ni habari njema. Ikinyamaza na spika ipo, hapo ndipo tutakapoanza kuwaza prosesa, ubao, au umeme unaovifikia.

Kuhusu RAM yenyewe. DDR2 na DDR3, aina mbili za RAM, zote zina pini 240, lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja, kwa hiyo kama iliingia bila kulazimishwa, aina yake ni sahihi. Bado haitoshi. Baadhi ya mbao za zamani hukataa RAM zenye chipu za ujazo mkubwa. Kipande cha GB 4 chenye chipu 16, nane kila upande, mara nyingi hukubalika pale ambapo chenye chipu 8 tu hukataliwa, ingawa vyote ni vizima. Hesabu chipu za RAM zako. Halafu sugua meno ya dhahabu ya kipande taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa unga wake, na ukirudisha kipande bonyeza ncha zote mbili mpaka usikie vishikio vikijifunga.

Kadi ya picha naishuku vilevile. Sloti yake hutoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 huongeza 75 nyingine, na ya pini 8 huongeza 150. Kama kadi ina tundu la plagi hiyo na hukuchomeka kitu, huenda isikupe picha. Tena baadhi ya kadi mpya hazielewani na BIOS za zamani (programu ya ubao inayoiamsha kompyuta), hivyo ijaribu kwanza kwenye kompyuta ya mtu kabla ya kuihukumu.

Mwisho toa betri ya duara, CR2032, kwa dakika chache huku waya wa umeme ukiwa nje, ili mipangilio ya BIOS ijifute. Iliyo nzima husoma volti 3 hivi. Tazama pia kapasita, vile vipande vya mviringo vilivyosimama juu ya ubao, kama zimevimba vichwa. Pawa saplai usiifungue hata kidogo. Ndani yake hubaki umeme wa hatari hata ikiwa imechomolewa. Ukipata multimita (kifaa cha kupimia umeme), waya wa njano unatakiwa usome kati ya volti 11.4 na 12.6 mashine ikiwa imewashwa.

Ukishatoa RAM zote, niandikie kama imelia au imenyamaza, na unitumie picha ya lebo ya pawa saplai, ule upande wenye jedwali la volti na ampea. Kadi mpya irudishe kwenye mfuko wake mpaka nikujibu.

Wako,
Idi