Jeni za moyo haziwaki papo hapo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu "kuufundisha moyo", yaani kuukosesha damu kidogo kidogo ili ustahimili shambulio kubwa, nimeisoma mara mbili. Mengi ni ya kweli, ila mmeandika kwamba damu ikikatika kidogo moyoni, jeni za ulinzi huwaka papo hapo na mtu akawa salama. Sivyo, na kosa hilo limekaribia kumponza mtu ninayemjua.

Habari hizi zinaanzia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1986. Murry, Jennings na Reimer waliuziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakauachia dakika 5, mara nne. Kisha wakauziba dakika 40 mfululizo. Msuli uliokufa ukawa kama robo tu ya ule wa mbwa ambao hawakutayarishwa. Ajabu kweli. Lakini jeni hazikuwa na nafasi ya kufanya lolote hapo. Jeni ikiamshwa, seli hunakili kwanza maagizo yake, ndipo ijenge protini, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Watafiti waliwahi kuwazuia sungura wasitengeneze protini mpya, na kinga ile ya mwanzo ikabaki vilevile. Inatokana na protini zilizokuwemo tayari, zikishtuliwa na kemikali kama adenosini. Baada ya saa moja au mbili imekwisha.

Jeni huingia zamu ya pili, iliyoripotiwa mwaka 1993. Baada ya kama saa 24 kinga hurudi, hafifu kuliko ya kwanza, na huweza kufika siku tatu. Sasa ndipo seli huwa na akiba mpya: HSP70, inayoshika protini nyingine zisikunjike vibaya, na vimeng'enya vya kuzima sumu za oksijeni pale damu inaporudi kwa kishindo.

Kuna jambo mmeliruka. Katika jaribio lilelile la 1986, mshipa ulipozibwa saa 3, mbwa waliotayarishwa na wasiotayarishwa hawakutofautiana. Kinga ilichelewesha tu kifo cha msuli.

Jirani yangu alisoma makala yenu. Nilimkuta barazani, mkanda wa kipimo cha presha umefungwa juu ya kiwiko, umejazwa upepo mpaka vidole vimepauka, anahesabu dakika kwa saa ya ukutani. Kifua kilikuwa kimembana tangu alfajiri. "Sista, nauzoesha moyo," akaniambia. Tulibishana karibu nusu saa kabla hajakubali kupanda bajaji kwenda hospitali.

Hiyo ya kufunga mkono, kwa matumaini kwamba mkono ukikoseshwa damu kidogo moyo nao utapata kinga, nayo imeshapimwa. Matokeo yalitoka mwaka 2019: wagonjwa zaidi ya 5,000 wenye shambulio la moyo, katika Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia. Ndani ya mwaka mmoja, waliofungwa mkono hawakupata nafuu yoyote kuliko wenzao, si kwa vifo vya moyo, si kwa kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi. Nao walikuwa mikononi mwa madaktari, mshipa unakwenda kuzibuliwa, si barazani.

Naomba mchapishe sahihisho, tena kwenye ukurasa uleule na kwa herufi kubwa zilezile. Jirani yangu hasomi ukurasa wa barua.

Muuguzi mstaafu,
Tanga